Ndizi za Manjano Kwenye Mashine

Kwa dada yangu Kagendo,

Nakusalimu katika jina la Bwana aliyetuamsha leo, wewe huko Mitunguu na sisi huku Nairobi. Goti lako linakuruhusu kushuka shambani? Na yule ng'ombe wetu, amekubali kukamuliwa na wewe? Sisi tuko, ila nimechoka, dada. Siku hizi hata maombi yangu ni mafupi. Nakuandikia kwa sababu nikipiga simu Baba Mwenda husikia kila kitu, na haya yanamhusu yeye.

Unajua tangu apatwe na kiharusi mkono wa kulia umelala tu. Hapa hospitali wanamfunga kwenye mashine, chuma kinachoshika mkono toka kiwiko mpaka vidole. Akijaribu kuusogeza, hata kidogo, mashine inamalizia pale nguvu zake zimeishia. Mbele yake kuna skrini kama televisheni, na ndani yake mgomba wenye ndizi, zingine za kijani, zingine za manjano. Anatakiwa achume za manjano, atie kwa kikapu.

Kila siku alichuma za kijani. Mashine inalia kuonyesha kosa, yeye anarudia zile zile.

"Mzee, manjano," daktari wa mazoezi anamwambia, msichana mpole sana. "Hii hapa. Hiyo iache."

Baba Mwenda anatingisha kichwa, anaenda kijani.

Juma lililopita huyo daktari akaniita kando. "Mama, naogopa kiharusi kiligusa na akili. Hafuati maagizo. Tutampima Alhamisi, na kama ni hivyo, itabidi nafasi ya mashine tumpe mwingine. Wanaongoja ni wengi."

Dada, nakuambia wewe peke yako: niliamini. Sikumtetea hata kwa neno moja. Nilijifungia chooni nikalia, kisha nikamwomba Mungu nguvu za kuishi na mume ambaye akili zimemtoka. Na mume mwenyewe sikuwa nimemuuliza.

Nilimuuliza nikimlisha uji, kwa Kimeru, pole pole, maana maneno yake bado yanatoka moja moja. "Baba Mwenda, mbona unachuma za kijani?"

Akanitazama kama ameona mwizi. "Manjano... kwa mti?" Akapumzika. "Hiyo ni ya ndege. Nani... atanunua? Na wewe... wa Mitunguu... unauliza?"

Nilicheka mpaka uji ukamwagika. Kweli, tangu lini mtu wa kwetu akangoja ndizi iive shambani?

Nilimweleza daktari. "Mimi huziona sokoni tu, mama, zikiwa zimeiva," akasema. "Lakini mashine haijui hayo, na kipimo ni kipimo."

Basi nikarudi kwa mume wangu. "Alhamisi uvune kama mjinga. Za manjano tu."

"Sitaki."

"Ni mchezo, Baba Mwenda."

"Hata mchezo."

"Wakikutoa hapa mkono utabaki hivyo, na shamba nitalima peke yangu."

Uji pia alikataa.

Alhamisi alichuma za manjano zote, macho chini, kama mtu anayeiba kwa jirani. Daktari akaandika kwamba akili ni nzima. Tumeongezwa wiki sita.

Kwa hivyo sirudi upesi. Na nisikudanganye: mashine ikiuachilia mkono, unaanguka. Ni kidole gumba tu kimeanza kusogea chenyewe. Nashukuru Mungu kwa hicho kidole, lakini wiki sita, dada, naziona kama kupanda mlima na mzigo mgongoni.

Wasalimie wanangu, na shemeji yangu bwana wako, na akina mama wa kanisa wanaotukumbuka kila Jumatano. Mama mkwe akiuliza kama mtoto wake anajilisha, usimfiche, mwambie bado namlisha mimi. Akiuliza habari ya akili, mwambie iko yote, na ukaidi wake wote pia.

Ni mimi mdogo wako anayekuombea,
Karimi