Njahi za Kuku Wako

Mama mkwe wangu,

Leo nimechemsha njahi, yale maharagwe yetu meusi, sufuria nzima, na si za watu. Ni za kuku wako. Najua ungecheka.

Nilipomzaa Wawira, ulinikalisha kando ya meko hapa Kianjokoma ukanilisha njahi na ndizi mpaka nikakuomba huruma. "Kula! Mtoto atanyonya nini, maji?" Baadaye kuku walipoanza kutaga, ukawapelekea wao pia. "Hawa nao si wamezaa? Ulitaka kula peke yako?"

Lakini hukuwapa mbichi hata siku moja. Ulichemsha, ukamwaga maji ya kwanza, ukachemsha tena, ukaanika, ndipo ukasaga na kuchanganya na pumba za mahindi, dagaa wa omena na chokaa. Njahi mbichi huvuruga tumbo la kuku, ulinionya. Na uliponiachia banda la kuku ulisema mwanamke asikose kitu chake.

Tangu tukuzike, protini ya dukani imekuwa ghali mno. Wiki mbili zilizopita mwanao Njeru, mume wangu, alisaga njahi mbichi akawamwagia kuku. Haraka haraka haina baraka, Mama: kuku wakaharisha, mayai yakapungua hadi tukabaki kutazamana. Na badala ya kulaumu mkono wake, akalaumu njahi.

"Mama Wawira, hii njahi yako imeharibu kuku. Friday kuna buyer anakuja kutoka mtaa wa Dallas, pale Embu town. Tuuze kuku zote, story iishe."

Nilikasirika, Mama, na hasira hiyo nimeipeleka jikoni. Tangu siku hiyo nachemsha, namwaga, naanika, nasaga, jinsi ulivyonifunza. Kuhara kumekoma. Mayai yanarudi, ingawa polepole. Usiponisikia nikilia siku hizi, ujue sina nafasi. Nakukosa hata hivyo, hasa ninapoonja njahi kujua kama zimeiva na hakuna wa kunigombeza.

Jana Ijumaa buyer alifika na matenga matupu. Sufuria ilikuwa motoni hapo nje. Nikasimama mlangoni mwa banda, mwiko mkononi.

"Kuku haziuzwi," nikamwambia. "Ukitaka mayai, karibu."

Akamtazama Njeru. Njeru akanitazama mimi. Kisha akainama, akaokota kuni, akaziongeza chini ya sufuria.

Lala salama, Mama. Mimi bado niko kazini.

Mkaza mwanao,
Mama Wawira