Sindano ya mutoto asiyekohoa

Mujukuu wangu Furaha, huku Bukavu tuko wazima. Koko yako mwanamuke, muke wangu, angali ananigombeza juu ya tumbako.

Unauliza kama dokta wa huko kwenu Ubelgiji achome mutoto wako sindano ya kumukinga na virusi ya kifua, wakati hakohoi. Akili uliacha ku aeroporti ulipopanda ndege?

Mudogo wangu, pale kijijini Nyantende, alizaliwa mbele ya siku zake kutimia, kama mutoto wako. Alipokohoa, baba aliita mukata kilimi, kile kinyama cha kooni. "Shika miguu, wewe!" baba akaniambia. Nilishika. Kilimi kilikatwa, mutoto akakufa.

Ningali na hasira! Ugonjwa ulikuwa mu mapafu, sisi tukakata koo. Sindano yako inaleta kinga tayari mbele virusi ifike, na wewe unangojea ifike? Huku hatuna hata sindano ya kukataa.

Mupeleke kesho. Akilia, nipigie simu nisikie vile analia kwa nguvu.