Alipumua Mwenyewe

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi, na Mama umpe zake kabla hujaendelea, maana najua amekaa hapo pembeni anakukazia macho. Hajambo? Bado anawaita watu kwa kugonga sufuria? Na wewe, kikohozi kinakuacha ulale? Mimi mzima, ila roho haitulii tangu uliposema uvimbe wa pafu lako utakaa hapo hapo, kwamba hukanyagi hospitali yetu maadamu bosi wangu, daktari wa usingizi, bado yupo.

Basi ngoja nikusimulie ya Jumanne. Tulikuwa na fundi kufuli mmoja mwenye uvimbe kama wako, mdogo kama harage. Mzee Taratibu, ndivyo tunavyomwita bosi, alisema safari hii hatuingizi mpira wa kupumulia kooni. Alimchoma ganzi katikati ya mbavu, akampa dawa ya usingizi kwa mshipa na kumvalisha barakoa ya oksijeni, basi. Daktari wa upasuaji alitoboa tundu moja dogo ubavuni, pafu la upande ule likanywea lenyewe, akapitisha kamera na vyuma vyake. Mgonjwa alikuwa akipumua mwenyewe muda wote! Miaka kumi na moja kazini, sijaona kitu kama hicho.

Usidhani ni mchezo. Si kila mgonjwa anafaa, hasa mnene au anayekoroma, na mpira ulikuwa tayari kwenye trei, lolote likitokea. Mzee alikaa kichwani pa fundi, ameshika taya lake kwa upole kana kwamba ni mtoto. Oksijeni iliposhuka, daktari wa upasuaji aliuliza kama waache. Mzee alimwomba atoe vyuma kwanza, wasubiri. Tukasubiri, ikapanda. Dakika hamsini, uvimbe ukawa nje. Fundi alipoamka aliuliza tutaanza saa ngapi, kwa sauti safi iliyosikika hadi koridoni.

Sauti hiyo ndiyo iliyonichoma, dada. Miaka tisa sasa Mama ananong'ona, na wewe unamlaani Mzee Taratibu kwa kumwumiza koo siku ya upasuaji wake. Si yeye. Ni mimi.

Siku ile Mzee aliitwa chumba cha pili, akaniagiza nimngoje. Sikungoja. Nilitaka Mama aje ajisifu kwamba mwanawe ndiye aliyemlaza. Nilisukuma mpira mara tatu, tena mkubwa kuliko koo lake. Mzee aliporudi alinisogeza, akauweka sawa, kisha akaandika jina lake kwenye faili, akisema chumba ni chake na kosa ni lake. Ulipomtukana mbele za watu aliinamisha kichwa tu. Mimi nilikuwa nyuma yako, nimekushikia mkoba. Naona aibu hata kuandika.

Mama nilimwungamia mwezi uliopita nilipokuja. Alinivuta sikio, akaninong'oneza kwamba wewe nikuambie mwenyewe.

Mzee naye nimemwambia kwamba nakuandikia haya. Nilidhani atasema neno juu ya yale matusi. Aliuliza tu una kilo ngapi, na kama unakoroma.

Nisalimie shemeji na watoto. Nijibu, dada, hata kwa matusi, nastahili. Ila mwishoni mwa matusi, tafadhali, andika na kilo zako.

Ni mimi mdogo wako,
Kidomo, niliyenyamaza miaka tisa