Spika Kihengeni

Mama Apolonia,

Gari la Mbeya limeshapiga honi, naandika mbio. Mahindi yasimwagwe kwenye kihenge cha sebuleni! Mama yangu anafika leo kutoka Kilolo na gunia lake, na unamjua: hata maji hanywi mpaka amwage mahindi kihengeni kwa mkono wake mwenyewe. Mpokee mlangoni, gunia liende jikoni.

Sababu ni hii. Jana ulisema spika yangu ya besi imekaa sebuleni kama jeneza, na hutaki akina mama wa jumuiya waione. Iliniuma, maana nimeiunda kwa mikono yangu. ~~Nikataka kuiuza.~~ Hapana, nilinuna tu. Leo mlipokuwa misa ya kwanza nikaitumbukiza ndani ya kihenge, ikatazama juu, nikakifunika kwa ungo. Nikaweka santuri. Mke wangu! Besi ilipanda toka sakafuni mpaka kifuani, vikombe vikacheza kabatini, na jirani yetu Edmund akaja mbio kuuliza bendi imeshukia wapi. Kazunguka chumba kizima, hakuiona!

Chai iko kwenye chupa. Apolonia asichezee waya.

Ile santuri ya harusi yetu iko tayari kwenye gramafoni. Mama akishapumzika, shusha sindano, ukae kwenye kiti chako. Ulisema hutaki kuiona spika. Sawa, hutaiona. Ila ukianza kutikisa mabega, Mama atakuona.

Baba Apolonia, mwenye jeneza