Jina la Ndayikeza Halimo

Nyuma ya soko,
Kibondo.
9 Machi 2025.

Mpendwa Shangazi Esteri,

Shikamoo. Mwakeye, mmeamkaje huko Tabora? Mgongo unaendeleaje, na watoto hawajambo? Sisi tunapumua. Bibi anakohoa kila asubuhi, ila bado anamwogesha Kaka Ndayikeza mwenyewe.

Naandika kwa sababu kwenye simu huwa nanyamaza, unanijua. Na simu yenyewe ni ya Baba Mkubwa Tharsisi, naye hukaa pembeni anasikiliza.

Tangu tumzike Baba hujauliza habari za kikao cha ukoo. Kilikaa tarehe 22 Februari. Nilipewa mimi kuandika muhtasari wa kupeleka Mahakama ya Mwanzo, ati niko kidato cha nne na mwandiko wangu unasomeka. Wakamchagua Baba Mkubwa awe msimamizi wa mirathi. Nikaandika. Wakataja warithi watatu: Bibi, mimi na mdogo wangu Niyitegeka. Nikaandika.

Nikausoma kwa sauti. Kaka Ndayikeza alikuwa kwenye mkeka mlangoni. Maneno yake hutoka polepole, basi watu wanadhani na akili iko hivyo. Akauliza, "Na mimi ni namba ngapi?"

"Wewe namba moja kwa ugali!" akasema Baba Mkubwa. Watu wakacheka. Kisha akanigeukia: "Mwandishi, funga hapo. Huyu haendi popote, mali ataipeleka wapi? Atakula kwangu."

Kumbe anayekula ni yeye. Kodi ya fremu mbili za maduka ya Baba pale sokoni inaingia mfukoni mwake, na tairi la kiti cha magurudumu limepasuka wiki ya tatu sasa. Kaka anatambaa mpaka chooni. Ana miaka ishirini na miwili, Shangazi.

Nami nilifunga pale pale. Tena kuna baya zaidi. Kwenye mahudhurio waliniambia nikuwekee sahihi, kwa kuwa uliwaambia kwa simu, "Mtakachoamua ni sawa." Nikaiweka. Niliiga ile ya kwenye kadi uliyonitumia nilipofaulu. Imefanana mpaka naona aibu.

Nina hasira na Baba pia, Mungu anisamehe. Miaka yote alisema fremu ni za kumtunza Ndayikeza. Tukimwomba aandike wosia, anafoka, "Mnaniharakisha kaburini?" Mwishoni alikutamkia wosia wewe tu, pale wodini. Ukapanda basi, ukaondoka nao.

Tangazo limebandikwa mahakamani. Mwenye pingamizi afike Jumatatu, tarehe 24. Nimeshapeleka barua kwamba jina la Kaka liliachwa makusudi, na kwamba sahihi yako niliiandika mimi. Baba Mkubwa akijua, sijui nitalala wapi.

Usinitumie hela wala pole. Njoo. Usipokuja, hakimu atauliza nani alisikia maneno ya marehemu, nami nitataja jina lako.

Wasalimie wanao, Mpawenimana na Nkunzimana. Bibi anakuombea kila jioni. Mimi bado natafuta moyo huo. Mungu akulinde njiani, kama utaianza safari.

Mtoto wa kaka yako, ninayekupenda na kukukasirikia,

Ininahazwe