Nimesema kwa Jina Lako

Hekalu la Galwewa,
Oktoba 24

Kaka Upul mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na shemeji Dilini, na namwombea mwanenu Senuri usingizi mzuri, kwa maana Mama anasema akikosa usingizi yeye mnakosa nyote. Mimi ni mzima. Kikohozi cha mvua kilinishika mwezi uliopita, lakini chai ya tangawizi imekimaliza. Masomo yanaendelea. Hesabu bado inanishinda. Kipali, lugha ya vitabu vyetu vya dini, na historia naviweza. Nyumbani nako ni salama, na Baba amemaliza kuezeka upande wa jikoni, ingawa Mama anasema bado panavuja palepale.

Mama alikuja hekaluni siku ya mwezi mpevu akaniinamia mpaka chini, kama desturi. Bado sijazoea. Mtu aliyenichapa kwa mwiko kwa sababu ya sukari guru leo ananiita Mheshimiwa! Alinieleza kwamba mtoto ameota meno mawili na anang'ata simu, na kwamba bajaji umeipaka rangi nyekundu. Alisema pia kwamba wenzako pale kituoni Negombo wanakuita Mtawa kwa sababu huwatukani askari wa barabarani, na abiria wakiadimika wanakupigia kelele, "Mtawa, tusomee dua basi, tumekaa kama mawe!" Nilicheka mpaka Mama akaniangalia vibaya, kwa sababu novisi, mtawa mwanafunzi kama mimi, hapaswi kucheka kwa kuonyesha meno.

Kaka, nimezunguka kwa sababu naogopa kufika. Nataka kukuandikia habari za Mtawa Mkuu. Najua ulimwambia Mama kwamba barua yoyote yenye jina la Mheshimiwa Silavansa utaichana. Nakuomba hii uichane ukifika mwisho, si kabla.

Sijasahau kilichotokea, ingawa wakati ule wewe ulikuwa bado mtawa hapa, nami nilikuwa ndio kwanza nimenyolewa nywele. Ulichelewa kurudi kutoka kwenye kriketi mjini, na ulikiri mwenyewe kwamba ulikula mkate wa roti jioni, wakati sisi hatuli kitu baada ya saa sita mchana. Hakuna aliyekukamata, ulisema mwenyewe. Mtawa Mkuu akakuweka mkiani mwa msafara wa kuomba sadaka, nyuma ya watoto wadogo, kwa mvua zote zile, mbele ya watu waliokuwa wakikuinamia. Wavulana wa dukani wakakupa jina, Mheshimiwa Roti. Asubuhi moja ulivua joho, ukalikunja, ukaliweka kwenye ngazi nyuma yake alipokuwa anamwagilia mti wetu mtakatifu wa bodhi. Nilikuwa nafagia mchanga. Niliona kwamba hakugeuka.

Sasa sikiliza ya mwaka huu. Mafungo ya mvua, ile miezi mitatu tunayotulia hekaluni, yalipoanza, Mtawa Mkuu alianza kupotea. Miguu yake ilikuwa mizima, alipotea kichwani. Alianza kuongoza sala ya jioni, akafika mwisho, akarudi mwanzo, akafika mwisho, akarudi tena. Wanakijiji walimfuata tu, wakidhani ni baraka za ziada, na bibi mmoja alisema wakati wa kuondoka kwamba hajawahi kupata thawabu nyingi hivyo kwa kukaa mahali pamoja, ila magoti yake ndiyo yamelipa. Siku nyingine Mkuu alipiga kengele ya chakula saa tisa mchana, akaja akaketi mahali pake na bakuli lake, mikono ameshanawa, akauliza kwa upole kwa nini watoa sadaka wamechelewa leo. Mtawa Dhammika, ambaye sasa ndiye msaidizi wake, alimletea chai na kipande cha sukari guru, vitu ambavyo hata alasiri vinaruhusiwa, akamwambia chakula kimechelewa kwa sababu ya mvua. Mkuu akaishukuru mvua.

Mtawa Dhammika alituita manovisi akatuonya. Alisema jambo hili lisitoke nje ya ukuta, kwamba Mkuu amelijenga hekalu hili kwa jina lake safi, na kwamba kumstahi mzee ni kunyamaza. Tulinyamaza. Lakini alasiri moja Mkuu aliingia jikoni akakuta wali wa mbwa kwenye sufuria, akaula. Kassapa, novisi mdogo kuliko sote, ndiye aliyemkuta, na hana sauti ndogo. "Mkuu anakula! Saa kumi hii, Mkuu anakula!" Watu waliokuwa wanapanga maua walisikia. Kesho yake dukani walikuwa wanasema kwamba mzee amewafunga wengine mdomo maisha yote ili apate kula peke yake. Mmoja alitaja jina lako. Alisema Mheshimiwa Roti amelipiziwa kisasi.

Labda habari hiyo ingekufurahisha. Sikulaumu. Ila kuna kitu ambacho wao hawakukiona na mimi nilikiona.

Nilikuwa nimempelekea maji ya kunawa miguu. Alikuwa ameketi kibarazani, ameshika ncha ya mshipi wake, na kwenye ncha ile palikuwa na fundo. Alilifungua, akalifunga tena. Kisha akaniuliza kama fundo lile ni la leo au la jana. Sikuelewa. Akaeleza, huku anatazama pembeni, kwamba kila akimaliza kula hufunga fundo ili ajue ameshakula, na kila asubuhi hulifungua, ila leo hakumbuki kama asubuhi alilifungua. Akasema, "Usimwambie mtu, Nandiya."

Ndiyo, kaka. Aliniita Nandiya. Jina lako la hekaluni. Tangu mvua zianze ananiita hivyo, na mimi nilikuwa naitika, kwa sababu kumsahihisha mbele za watu ni kumfedhehesha.

Basi nikajua kwamba anajua. Anajua na anaogopa, na sisi sote tunaojua tunamdanganya kwa heshima, kila mtu na woga wake. Nilitamani mtu amwambie. Sikutamani mtu huyo awe mimi. Unanijua; darasani nikiulizwa jina langu nasahau.

Mafungo yalipokwisha, watawa walifanya mwaliko wao kama kila mwaka, na baada ya hapo Mkuu alikuja ukumbini kwetu kufanya ule wake, aliourithi kwa mwalimu wake, wa kuwaalika hata manovisi. Unaukumbuka. Mzee wa miaka themanini anachuchumaa mbele ya watoto, anakunja mikono, anasema, "Nawaalika. Kama mmeona, mmesikia au mmeshuku kosa langu, niambieni kwa kunihurumia. Nikiliona, nitalirekebisha." Anasema mara tatu, sisi tunanyamaza mara tatu, kisha tunakunywa juisi ya mabirimbi. Sijawahi kusikia mtu akijibu. Nadhani sote tulidhani kunyamaza ndilo jibu lenyewe.

Aliposema mara ya tatu nilisikia sauti kama ya mbu, na ilikuwa yangu. Nilisema nimeona. Nilisema nimesikia kwamba alikula alasiri, na nimemwona akirudia sala na akipiga kengele saa isiyo yake. Nilisema nimeshuku pia kwamba anajua anasahau, na kwamba anaogopa peke yake. Mtawa Dhammika alinikazia macho hadi nikahisi masikio yanaungua. Lakini nilikuwa nimeshaanza, na ningenyamaza pale ningekuwa nimemvua mzee nguo nikamwacha vile vile. Kwa hiyo niliendelea. Nilimkumbusha somo alilotufundisha yeye mwenyewe mwaka jana, la mtawa wa zamani ambaye akili yake ilimtoka. Siku ya mkutano mara alikumbuka, mara hakukumbuka. Mara alikuja, mara hakuja. Hakufukuzwa wala kuadhibiwa. Watawa waliambiwa wakae wakubaliane kwa sauti kwamba ndugu yetu huyu akumbuke asikumbuke, aje asije, mkutano wetu ni halali pamoja naye na ni halali bila yeye. Na kosa analofanya mtu ambaye akili imemtoka halihesabiwi kuwa kosa. Tulipofundishwa somo hilo tulicheka, na Mkuu alitwambia kwamba hiyo ndiyo kanuni aipendayo kuliko zote, tukadhani anatania.

Nilipomaliza, Mkuu alimgeukia Mtawa Dhammika akamuuliza kama ni kweli, na kama wote walikuwa wanajua. Ni Kassapa aliyejibu. "Hata mbwa wanajua, Mheshimiwa. Ulikula wali wao."

Mkuu alicheka. Kaka, hujawahi kumsikia akicheka, wala mimi. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya joho, kisha akasema kwamba tangu mvua zianze alikuwa anasubiri mtu amwambie, na kila mmoja alipokuwa anatabasamu na kumletea chai alidhani ameshakuwa kichaa peke yake. Halafu aliniinamia. Mimi, novisi! Nilitaka ardhi inimeze.

Baada ya siku chache watawa wa hekalu la jirani walikuja, wakakaa pamoja na wetu, wakayatamka yale makubaliano. Aje asije, akumbuke asikumbuke. Mtawa Dhammika ndiye aliyeyasoma, na alilia katikati ikabidi aanze upya. Sasa mambo ni rahisi zaidi. Daktari wa Kurunegala amempa dawa, hakuahidi mengi. Watu wa dukani wameambiwa ukweli, na yule aliyesema maneno ya kejeli alileta majani ya mdalasini na nazi akaviacha mlangoni bila kuingia. Mimi ndiye ninayeketi karibu naye. Akiniuliza kama ameshakula, namwambia ameshakula, palikuwa na wali, dengu na mchuzi wa fenesi changa. Huuliza kama ulikuwa mtamu. Nasema ulikuwa mtamu, naye huridhika. Fundo kwenye mshipi amelifungua na hafungi tena.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Juzi alfajiri nilikuwa nambebea chungu cha maji kwenda mti wa bodhi. Alimwagilia mpaka maji yakaisha, kisha akaendelea kuinamisha chungu kitupu. Nilidhani amesahau. Nilitaka kukipokea, akanizuia kwa mkono. Alisema, bila kugeuka, "Nandiya, siku ile nilikusikia ukiweka joho. Nilijua nimekosea. Ulikuja kukiri mwenyewe, na mimi nilikuadhibu kama mwizi. Nikasema moyoni, nikigeuka ataona kwamba najua. Basi nikamwaga maji mpaka yakaisha, na yalipoisha nikaendelea kumwaga." Kisha akageuka. Alikunja mikono, akaniomba msamaha. Aliniomba akinitazama usoni, akikuona wewe.

Mimi nilipaswa kusema kwamba mimi ni Sumedha. Tumeweka ahadi ya kutosema uongo, na naamini ahadi hiyo kwa moyo wote, unajua navyojisumbua hata nikisema nimeshiba kumbe bado. Lakini nilimtazama nikaona kwamba nikimwambia si wewe, ataubeba tena mzigo ule na kesho hatakumbuka kwamba aliwahi kujaribu kuutua. Nikasema, "Nimekusamehe, Mheshimiwa." Nilisema kwa jina lako. Sikukuuliza.

Nilikwenda kukiri kwa Mtawa Dhammika leo mchana. Aliniuliza kama naliona kosa, nikasema naliona. Aliniuliza kama nitajizuia siku zijazo, na hapo sikuweza kuahidi, kwa sababu jana aliniomba tena, na leo asubuhi tena, maneno yaleyale, chungu kilekile, na nimejibu vilevile. Mtawa Dhammika alikuna kichwa, kisha akasema kwamba yeye hawezi kunifungulia hilo. Nimetumia neno la mtu, nimwandikie mwenye neno.

Kaka, mwezi ujao, siku ya mwezi mpevu, kijiji kitaleta joho la mwisho wa mafungo. Ukipata nafasi, uje na bajaji yako nyekundu, umlete na Senuri. Si lazima useme kitu ambacho humaanishi. Ukimwambia kwamba bado una uchungu, nadhani hilo nalo atalipokea. Ni yeye aliyealika. Ukishindwa kuja, nitaelewa. Basi niandikie mstari mmoja tu, kwamba naruhusiwa kusema. Au kwamba nisiseme tena. Ukisema nisiseme, nitamwambia mimi ni nani, nami nitakaa naye mpaka apumzike, na wewe sitakukasirikia hata kidogo. Nikiwa na ruhusa yako, kila asubuhi atakapoomba, neno nitakalompa litakuwa la kweli.

Msalimie sana shemeji, na umbusu Senuri kwenye yale meno mawili kabla hayajawa mengi. Mama anasema usisahau kumtumia dawa yake ya magoti. Kassapa anakusalimu pia. Hakujui, ila ameambiwa una bajaji. Niombee hesabu, nami nakuombea barabara salama na abiria wasiogombana kuhusu nauli.

Mdogo wako,
Sumedha
(ambaye kwako wewe ni Isuru tu)