Yai la Mavuno

Same Mjini,
17 Julai 2025.

Kaka yangu Aminieli,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Mtwara, wewe, wifi Lukia na watoto. Sisi huku tunaendelea vizuri, ila baba magoti yanamsumbua, na mteremko wa kanisani siku hizi anaushuka kwa fimbo mbili. Utashangaa kupata karatasi wakati namba yangu unayo. Lakini kwenye simu nikitaja nyumbani tu, unaniaga haraka. Karatasi huwezi kuikatia.

Upepo wa Same umeshaanza. Kibanda changu cha kutengeneza simu, pale karibu na stendi, kimejaa vumbi mpaka kwenye droo. Jana bati liling'oka, nikatoka kulikimbiza, nikajikuta pembeni mwa uwanja wetu nikicheka peke yangu. Ni kama nilikuona kabisa wa enzi zile, umevaa ile fulana ya bluu, rimoti kifuani, na ile helikopta ndogo uliyoinunua mbovu Moshi ukaifufua kwa vipande vya redio. Watu walisema umerukwa na akili, maana nani anarusha kidude kama kile mwezi wa Agosti? Ukawajibu kwamba siku isiyo na upepo hata wao wangeweza.

Ulianza kunifundisha nikiwa na miaka kumi na minne. Ulisema niielekeze pua upepo unakotoka, na kwamba ili isimame mahali pamoja lazima niiinamishe kama inayotaka kwenda mbele. Ulisema pia nisifurahie mwendo wa kwenda na upepo, kwa sababu kurudi ndiko kunakokula betri. Mkono wako hukuuondoa juu ya wangu hata mara moja. Nilikupenda kwa hilo, na nilikukasirikia pia.

Sasa ile Jumapili ya mavuno. Unaijua, lakini niache niisimulie. Nyumbani Vudee kanisa lilijaa, na nje meza ya mnada ililemewa na mikungu ya ndizi, tangawizi na kuku waliofungwa miguu. Ulikuwa umeahidi kuileta sadaka ya baba kwa helikopta: yai moja, ndani ya kikapu kidogo alichosuka mama. Ikapaa vizuri, ikaenda hadi ng'ambo ya mnara wa kengele, wanakwaya wakapiga vigelegele. Kisha ikageuka kurudi, upepo ukiwa mbele yake, ikaanza kuzama. Yai likampasukia mzee Eliaichi, mnadishaji wetu, kwenye koti lake la harusi, na helikopta ikaporomokea migombani. Watu walicheka hadi machozi. Baba, mzee wa kanisa, hakucheka. Alisema mbele ya wote kwamba kijana asiyepima betri yake hawezi kukabidhiwa injini ya ndege, na zile fomu za chuo cha ufundi wa ndege akazifungia kabatini. Hukubisha. Ulisema kosa ni lako. Wiki iliyofuata ukapanda basi, na huu ni mwaka wa kumi na mbili hujarudi kwenye mavuno.

Kaka, betri uliipima. Uliichaji Jumamosi hapa mjini, maana nyumbani umeme ulikuwa haujafika, na ilijaa. Alfajiri ile, ulipokuwa unahangaika na pasi ya mkaa na shati lako, mimi niliichukua helikopta nikaenda nayo nyuma ya zizi. Nilitaka niirushe kwenye upepo mara moja tu bila mkono wako. Ilisimama, Aminieli! Ilisimama hewani imeinamisha pua, haiendi mbele wala nyuma, nami nikasahau dakika. Niliifuta umande nikairudisha mahali pake. Kanisani niliomba betri itoshe. Na baba alipokuwa anakusema, nilikuwa hatua tatu kutoka kwake, nimenyamaza. Leo watu wananiletea betri zao hata kutoka kijiji cha Kisiwani kwa kuwa wananiamini, na kila nikishika moja naona haya.

Jumapili iliyopita nilipanda Vudee nikamweleza baba. Akauliza kama wewe unajua. Nikasema hapana. Alilia, kaka. Sijawahi kumwona baba akilia. Akaniagiza nikuandikie siku ile ile. Mimi imenichukua siku nne. Akasema pia kwamba mavuno ni tarehe kumi na saba Agosti, na yai lake atalitenga. Halitawekwa mezani hadi uje ulilete mwenyewe, kwa njia unayoijua.

Ile helikopta niliiokota migombani jioni ile ile nikaificha. Nimeinyoosha mkia na kuibadilishia mapanga. Betri mpya imefika juzi kutoka Dar.

Mfikishie wifi salamu zangu nyingi, na watoto wabusu kwa niaba ya shangazi yao. Mzee Eliaichi anakusalimu. Anasema koti lilitakata. Nisamehe ukiweza, na hata usipoweza, njoo.

Ni mimi mdogo wako niliyekukosea,
Irine.

Betri iko kwenye kasha lake. Sijaigusa. Utaichaji mwenyewe.